Mbio Zilibarikiwa, Ngoma Ikalaaniwa

Oktoba 20, 1968 ilikuwa Jumapili. Siku hiyo, kwenye Olimpiki ya jijini Mexico, John Stephen Akhwari kutoka Mbulu aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kutwaa dhahabu ya marathoni. Alikuwa wa 57, wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Tangu hapo amesifiwa kwa uvumilivu, na sifa hizo ni haki yake. Kwamba alikimbia siku ya Bwana, hakuna anayelitaja.

Lingeweza kutajwa. Miaka 44 kabla yake, kwenye Olimpiki ya Paris, Mskoti Eric Liddell alijitoa katika mita 100 kwa sababu mchujo wake ulipangwa Jumapili. Akahamia mita 400, akashinda kwa sekunde 47.6, kisha akaenda China kuwa mmisionari. Kwa imani kali ya namna hiyo, Akhwari angebaki hotelini.

Turudi kwao Akhwari, tuone dini na michezo zilivyokutana huko. Kansay, kata ya wilaya ya Karatu, imo katika nyanda za juu zilizomlea. Karatu yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu hadi miaka ya 1990, na ndiko alikozaliwa mkimbiaji Filbert Bayi mwaka 1953. Wakazi wengi ni Wairaqw, ambao Watanzania wengine wamezoea kuwaita Wambulu. Kanisa liliingia nchi hii na Mapadri Weupe mwanzoni mwa karne ya 20. Wakafuata Wapalotini wa Ireland, na mwaka 1953 Mbulu ikawa jimbo chini ya Askofu Patrick Winters. Walutheri wa Norway nao walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955.

Wamisionari walikuja na sala, na katika shule zao nyingi walikuja pia na mpira. Kule Kiungani, Zanzibar, wanafunzi wa misheni ya Kianglikana walicheza kandanda tangu karne ya 19. Walimu wa Kiingereza waliamini kwamba kijana anayetoka jasho uwanjani hujifunza nidhamu na kutii filimbi. Mchezo ukapata baraka bila kuulizwa maswali mengi.

Ngoma haikubahatika hivyo. Kijana yuleyule aliyeshangiliwa mchana akiruka kamba ya shule alikemewa usiku akiruka kwenye ngoma ya harusi. Sababu zilitajwa waziwazi: pombe, giza, wavulana na wasichana pamoja, na matambiko ya mababu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapitia Uganda hadi Bukoba, uliongeza ukali. Aliyeokoka alitarajiwa kuiacha pombe, na ngoma pamoja nayo.

Walikuwepo waliopinga ukali huo. Mchungaji Bruno Gutmann, Mlutheri wa Kijerumani aliyeishi miongoni mwa Wachaga, alitetea mila zao kama msingi wa usharika. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas alilichukua jando na kulifanyia ibada ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Na mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake kuhusu liturujia, Padri Stephen Mbunga alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma ikaanza kusikika kanisani, ingawa ile ya uwanjani ilibaki na jina baya.

Hapa ndipo hoja ya wahafidhina inapolegea. Hofu yao kubwa ilikuwa chimbuko: ngoma imetoka kwa mizimu, basi haifai. Lakini Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alimchukua mkimbiaji na mpiga ngumi kuwa mfano wa Mkristo. Wasomaji wake waliijua michezo hiyo vizuri. Ilifanyika jirani na mji wao kila baada ya miaka miwili, kwa heshima ya Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki. Olimpiki ya kale nayo ilikuwa ya Zeus. Kama chimbuko la kipagani lingetosha kuuharamisha mchezo, mbio ndizo zingetangulia kukatazwa. Leo swali hilohilo linaulizwa juu ya yoga na karate, na wanaouliza wangefaidika kuanza na Korintho.

Siku ya kupumzika ni hoja nzito zaidi, maana ni amri. Hata hapo mambo si mepesi. Februari 2, 1974, Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch kwa dakika 3:32.2, ilikuwa Jumamosi. Msabato mshika dini asingekimbia siku ile, kama vile Liddell asingekimbia na Akhwari. Mtanzania Magdalena Shauri alipokuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin mwaka 2023, ilikuwa tena Jumapili. Waumini walishangilia kama kawaida.

Siku hizi Taasisi ya Filbert Bayi huandaa tamasha la michezo na utamaduni mjini Karatu, na mbio, baiskeli, ngoma na kwaya huwekwa katika ratiba moja. Wazee wa sharika na halmashauri za parokia, kuanzia Kansay hadi Mbulu, walishaikubali marathoni ya Jumapili. Basi waikubali na ngoma ya Kiiraqw, mchana kweupe na bila pombe, wakati wanaoijua wangali na nguvu za kuwafundisha vijana.