Askari Warudi Lini? Habari ya Vita vya Ng'ambo ya Ruvuma



Jioni hii nimekusudia kuzungumza nanyi habari za mto wetu Ruvuma, na za swali moja ambalo limeuvuka mto huo mara nyingi pamoja na askari waliokwenda na askari waliorudi. Swali lenyewe ni hili: Serikali iliyopeleka watoto wake katika vita vya nchi ya kigeni, vita visivyokwisha, itajuaje kwamba wakati wa kuwarudisha umefika? Niliulizwa hivyo na kijana mmoja anayejifunza ualimu, tulipokuwa tumekaa barazani katika mtaa wa Rahaleo, hapa Mtwara. Nilimjibu upesi, kama tulivyo desturi yetu walimu, kisha nikaona haya, kwa kuwa jibu langu lilikuwa la kitabuni tu, hali mfano wenyewe u karibu nasi. Mtu akitoka Rahaleo asubuhi kwenda kivuko cha Kilambo, adhuhuri haijafika naye anatazama ng'ambo.

Kwanza tukumbuke jinsi mto ulivyogeuzwa kuwa mpaka. Tarehe 30 Desemba 1886 Wadachi na Wareno walipatana kwa maandishi, huko Ulaya, kwamba Ruvuma ugawe nchi walizojitwalia. Wamakonde, ambao jamaa zao wako pande zote mbili, hawakuulizwa neno. Karibu na mlango wa mto, upande wa kusini, palikuwa na kipande kidogo cha nchi kiitwacho Kionga, ambacho Wadachi walikitwaa mwaka 1894. Na Wareno walinung'unika kwa ajili ya kipande hicho hata walipokirudisha mikononi mwao, mwezi wa Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza.

Laiti wangaliishia hapo! Lakini mwezi wa Septemba mwaka ule ule jeshi lao, likiongozwa na Jemadari Ferreira Gil, lilivuka Ruvuma, na mwisho wa Oktoba likaingia Newala. Aliyefika Newala anajua jinsi mji ule ulivyo juu, ukingoni mwa nyanda za Wamakonde, na jinsi maji yalivyo chini bondeni. Jeshi lililozingirwa mahali kama pale haliwezi kukaa siku nyingi. Mwisho wa Novemba Wareno waliiacha boma, wakarudi ng'ambo. Na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Novemba 1917, ndio Wadachi waliovuka, wakaishambulia kambi ya Wareno huko Ngomano, wakaondoka na bunduki na vyakula vyao. Nawaeleza haya kwa sababu moja: askari yule wa Ureno, mtoto wa mkulima, alikuja kufa kwa homa kando ya mto asioujua jina, na huko Lisbon wakubwa wake walikuwa wakifikiri juu ya nafasi yao katika baraza la amani. Wale wenye kuamua na wale wenye kufa hawakuwa watu wamoja.

Sasa turuke miaka mingi. Tarehe 16 Juni 1960 Wamakonde walikusanyika Mueda mbele ya gavana, wakitaka kusema juu ya uhuru wa nchi yao. Wakapigwa risasi, na watu wengi wakafa. Mwaka 1962, tarehe 25 Juni, chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam, na Daktari Eduardo Mondlane akawa kiongozi wake. Tarehe 25 Septemba 1964 kituo cha Wareno huko Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, kilishambuliwa, na vita vikaanza. Wapiganaji walifundishwa Nachingwea. Nanyi mliosoma historia mtakumbuka kwamba Nachingwea ndipo Waingereza walipotaka kulima karanga kwa matrekta, wakapoteza fedha nyingi kupita kiasi. Ardhi iliyowakatalia karanga ilikubali mazao mengine.

Basi vita vilidumu miaka 10. Wareno walikuwa wakipigana pia Angola tangu 1961 na Guinea tangu 1963. Yatupasa kuwatendea haki na kuzitaja hoja zao, maana haifai kumshinda mtu kwa kumnyima nafasi ya kusema. Walisema hivi: Hii si vita ya kigeni, kwani Msumbiji ni jimbo la Ureno sawa na majimbo ya huku kwetu. Wakasema tena: Tukiiacha nchi moja, zote zitatuponyoka. Wakasema pia: Raia wetu waliohamia huko tutawaachia nani? Na hoja ya mwisho, ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika moyo wa mtu, ilikuwa hii: Tukirudi leo, vijana wetu waliokwisha kufa watakuwa wamekufa bure.

Hoja ile ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Aliyesimama Mueda mwaka 1960 alijua kama yeye ni Mreno au siye. Ya pili ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu ya kuendelea. Ya tatu nitairudia. Bali hii ya nne naiona kuwa hatari, kwa kuwa haina mwisho: kila kijana anayekufa anaongeza sababu ya kumpeleka mwingine, na hesabu inayokua kwa namna hiyo haifungwi kamwe. Katika nchi zote tatu Ureno ilipoteza askari zaidi ya 8,000. Kijana wa Kireno aliyefika umri wa askari alijua kwamba miaka yake kadhaa si yake tena, na maelfu kwa maelfu walitoroka kwenda Ufaransa kufanya kazi za mikono kuliko kuja kwetu na bunduki. Hata ikawa kwamba katika miaka ya mwisho zaidi ya nusu ya askari waliopigana upande wa Ureno katika Msumbiji walikuwa Waafrika walioandikwa huko huko. Fikirini jambo hilo.

Mwaka 1970 Jemadari Kaúlza de Arriaga alitaka kuvimaliza vita kwa pigo moja. Mwezi wa Julai alipeleka maelfu ya askari, ndege na mizinga juu ya nyanda za Wamakonde. Kazi hiyo aliipa jina la Fundo la Gordio, kwa kufuata hadithi ya zamani ya Iskandari, aliyeletewa fundo lisilofunguka akalikata kwa upanga. Kambi nyingi zilitwaliwa, na magazeti ya Lisbon yakafurahi. Lakini wapiganaji walikuwa wamekwisha kuufungua mlango mwingine huko Tete tangu mwaka 1968, na sasa wakauvuka mto Zambezi kwenda kusini. Kambi iliyotwaliwa ilikuwa miti na majani tu. Huku upande wetu wanavijiji wa kando ya Ruvuma waliishi kwa hofu ya ndege na ya mabomu yaliyofukiwa njiani, ambayo hayamchagui anayeyakanyaga. Na jeshi lisiloweza kumwona adui wake huanza kumwona katika kila mtu: tarehe 16 Desemba 1972 askari wa Ureno waliua mamia ya wanakijiji huko Wiriyamu, karibu na Tete. Mapadre ndio waliotoa habari, na mwezi wa Julai 1973 dunia nzima ikazisoma katika gazeti la London.

Nani basi aliyeamua kwamba jeshi lirudi? Si Waziri Mkuu, Marcelo Caetano. Jemadari António de Spínola, aliyekuwa ametawala Guinea, alitoa kitabu mwezi wa Februari 1974, akasema kwamba vita hivi havitashindwa kwa bunduki peke yake. Mwezi uliofuata akafukuzwa kazini. Walioamua walikuwa makapteni, watu waliokwisha kwenda vitani mara ya pili na ya tatu. Tena, mambo ya wanadamu yalivyo, walianza kukutana mwaka 1973 kwa manung'uniko madogo ya vyeo, kwa kuwa amri mpya iliwapandisha wageni wa jeshi juu yao. Kutoka vyeo wakafika kwenye vita vyenyewe.

Na redio ilikuwamo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974, saa sita na dakika 20, kituo kimoja cha Lisbon kilipiga wimbo uitwao Grândola, Vila Morena. Waliokuwa wamelala hawakujua neno. Askari waliokuwa wakingoja walijua kwamba ndiyo ishara. Kabla ya jua kutua siku ile Serikali ilikuwa imeanguka, na watu wakawa wanatia maua mekundu katika midomo ya bunduki.

Lakini kuangusha Serikali ni siku moja, na kurudisha jeshi ni kazi nyingine. Spínola, ambaye sasa alikuwa Rais, alitaka kwenda polepole, na FRELIMO hawakukubali kuacha kupigana kabla ya uhuru kutajwa kwa jina lake. Askari wa Ureno walioko msituni hawakuona tena sababu ya kufa. Tarehe 1 Agosti 1974, katika kambi iitwayo Omar, si mbali na Ruvuma, zaidi ya askari 100 waliweka silaha chini bila vita, wakavushwa mto na kuletwa Tanzania. Tarehe 7 Septemba mapatano yalitiwa sahihi Lusaka. Tarehe 24 Mei 1975 Samora Machel alivuka Ruvuma kutoka huku kwetu, akasafiri nchi nzima hata mji mkuu, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru.

Sasa nairudia hoja ya tatu, ya wale raia. Kama Ureno ingalizungumza mwaka 1964, au hata mwaka 1970, ingaliweza kupanga mambo kwa miaka. Ilipochelewa mpaka jeshi lenyewe likakataa, ilibaki miezi 9 tu baina ya mapatano na uhuru. Wareno wengi sana wakakimbia, na pamoja nao makanika, waganga, makarani na madereva. Na kwa kuwa Waafrika wengi mno hawakufundishwa kusoma, wa kushika nafasi zile walikuwa wachache. Nchi ikaanza safari yake ikiwa dhaifu, na majirani wabaya wakaona nafasi. Jeshi la RENAMO liliundwa kwa msaada wa Rhodesia, kisha likalishwa na Afrika Kusini, na vita vikarudi.

Ndipo swali la kijana wa Rahaleo lilipotufikia sisi wenyewe. Mwisho wa mwaka 1986, Machel akiwa amekufa katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba, jimbo la Zambezia lilikuwa karibu kutwaliwa, na Tanzania ikapeleka askari wapatao 3,000. Hawakwenda kama Wareno: waliitwa na Serikali yenye nchi. Walisaidia kuikomboa miji. Lakini hazina yetu ilikuwa tupu siku zile, mafuta na nguo vilikuwa taabu, na mwisho wa mwaka 1988 Rais Mwinyi aliwarudisha. Vita havikuwa vimekwisha. Amani ilitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992 tu. Wapo wanaosema tuliwaacha ndugu zetu katikati ya mto. Mimi naona tulifanya vema kwenda na hatukufanya vibaya kurudi. Lakini sikubali tuseme kwamba tulirudi kwa kuwa kazi imekwisha. Tulirudi kwa kuwa tumechoka kulipa, na ni heri kusema hivyo waziwazi. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa kwamba siku ya kuondoka hakuna aliyewaambia wananchi ni dalili gani itakayoonyesha kuwa kazi imetimia.

Wala habari hii haikuishia hapo. Mwezi wa Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walikivamia kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, mkoani mwetu. Julai 2021 nchi za SADC zilipeleka askari ng'ambo, Watanzania wakiwamo, na Julai 2024 ujumbe huo ukafungwa. Kijana wangu aliniuliza kama ulifungwa mapema au kwa wakati wake. Nilimwambia awaulize watu wa Kitaya kwanza, ndipo anifikie mimi.

Naye siku ya pili alikwenda, si Kitaya bali Naliendele, penye makaburi ya askari wetu waliokufa Msumbiji. Aliporudi alisema kwamba alisoma majina mpaka jua likazama, na kwamba mlinzi alimngoja asimfungie lango.

Kwaherini.