Farasi Hashitakiwi

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Hawakufika mbali. Katika kijiji cha Kingaru, kabla hata ya kuuona uwanda wa juu wa kati, mmoja alikufa, na Stanley akaamuru azikwe ili mzoga usiwaletee watu maradhi. Mkuu wa kijiji akamtoza faini ya doti mbili za kitambaa: ardhi ilikuwa yake na hakuombwa ruhusa. Stanley, ambaye ndiye aliyetuachia habari hii, alijibu kwamba basi farasi atafukuliwa na kuachwa juu ya ardhi kama alivyokutwa. Dai la faini likaishia hapo. Haukupita muda, farasi wa pili naye akafa.

Stanley aliisimulia kama kichekesho. Mimi mkuu wa Kingaru namwona alikuwa mwanasheria. Hakuuliza farasi alikula nini wala amekufa kwa ugonjwa gani. Aliuliza ni nani aliyemleta.

Huku kwetu Dodoma farasi wa mbio hawapo, na sababu ni za zamani kuliko reli. Mbung'o walieneza nagana, na usubi ukaeneza ule ugonjwa unaoitwa hasa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ugogo ni nchi ya ng'ombe, na aliyetaka mnyama wa kubeba mzigo alichukua punda. Ukitaka kuona mbio za farasi zenye wasimamizi na kanuni zilizoandikwa, uwanja wa karibu ni ule wa Ngong, Nairobi, uliopo hapo tangu 1954. Mimi niliwafikia farasi kwa njia ya kuzunguka. Nilikuwa nasoma kesi za wakimbiaji wa Kenya waliofungiwa kwa dawa, na kila hukumu ilirudia sentensi moja: mwanariadha anawajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe amejua au hakujua. Nikataka kujua fikra ya namna hiyo ina historia gani. Nikajikuta kwenye mabanda ya farasi, kwa sababu farasi walipimwa dawa kabla ya binadamu.

Huko Newmarket, Uingereza, mwaka 1811, mtu mmoja aitwaye Daniel Dawson alitia arseniki kwenye maji ya farasi wa mbio. Agosti 1812 alinyongwa Cambridge. Alikuwa mtu mdogo, mpeleka habari za siri kwa wacheza kamari, na nyuma yake walikuwepo wenye fedha waliotaka farasi fulani washindwe. Hao hawakupanda kitanzini.

Karne moja baadaye mchezo ulikuwa umegeuka. Dawa ilitiwa ili farasi ashinde. Mkufunzi George Lambton alichukizwa na hali hiyo, na mwaka 1903 akafanya jambo la ajabu: akawaarifu wakubwa wa Jockey Club, kisha akawapa kokeini farasi wake watano wasiofaa kitu. Wanne wakashinda. Muda mfupi baadaye dawa zikapigwa marufuku, na kufikia 1910 wanakemia huko Austria walikuwa wanapima mate ya farasi.

(Neno nililotumia, mkufunzi, ndilo magazeti ya Kenya humwitia hata kocha wa mpira. Nililiacha kwa makusudi.)

Sasa ikaja shida yenyewe. Mate ya farasi yanaweza kusema dawa imo, lakini hayasemi nani ameitia. Bandani kuna mtunza farasi, mpanda farasi, daktari wa mifugo, mmiliki anayepita Jumapili na mgeni wa mgeni. Farasi mwenyewe hashitakiwi wala hatoi ushahidi.

Jibu walilolipata linaonekana vizuri katika kesi ya Charles Chapman. Agosti 1930 farasi wake, Don Pat, alikimbia Kempton Park na vipimo vikaonyesha dawa. Wasimamizi wa Jockey Club wakamfukuza Chapman kwenye mchezo na kutangaza uamuzi huo. Akaenda mahakamani kushtaki kwa kuchafuliwa jina, kwa kuwa kila aliyesoma tangazo alielewa kwamba Chapman ndiye aliyemdunga farasi. Wasimamizi wakajibu kwamba hawakumaanisha hivyo. Walimwona ameshindwa kumlinda mnyama aliyekuwa mikononi mwake, basi. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya pauni 16,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Lakini mwaka 1932 Mahakama ya Rufaa ilisema kwamba aliyechukua leseni amekubali pia kanuni zake, ikiwemo ile ya kutangazwa katika gazeti la klabu.

Nimeisoma kesi hiyo mara nyingi na bado sijui nisimame upande gani. Mtu amepoteza kazi ya maisha yake, na wanaomfukuza wanakiri kwamba si lazima awe yeye. Ni ukatili. Lakini fikiria upande wa pili. Ikiwa wasimamizi watatakiwa kuthibitisha ni mkono gani ulioshika sindano, hakuna atakayepatikana kamwe, maana bandani wote wanakula kwa mtu mmoja. Mwaka 1946 mahakama ya jimbo la Maryland, Marekani, ilijaribu kupita katikati: ikakataa kanuni iliyomtia mkufunzi hatiani bila kumwachia nafasi yoyote ya kujitetea. Katika sehemu nyingi za dunia mzigo ulibaki mabegani mwake. Yeye ndiye mwenye funguo za banda.

Pia si kila kosa la dawa ni ulaghai, na hili mfugaji wa Kongwa atalielewa haraka kuliko mwanafunzi wa sheria. Ukimchoma ng'ombe sindano ya OTC, kwenye chupa pameandikwa siku za kusubiri kabla ya kumchinja au kunywa maziwa yake. Dawa ni halali, kosa ni saa. Farasi wa mbio vivyo hivyo: dawa ya uvimbe au ya maumivu inaruhusiwa kwenye mazoezi, mradi iwe imetoka mwilini siku ya mashindano. Mwaka 2021 Medina Spirit alishinda Kentucky Derby, kisha akakutwa na betamethasoni, pikogramu 21 tu kwa mililita moja ya damu. Mkufunzi wake, Bob Baffert, alisema ilitoka kwenye marhamu ya kutibu ngozi. Kwa kanuni ya siku ya mbio, marhamu au sindano ilikuwa ni mamoja. Alifungiwa siku 90 na kutozwa dola 7,500. Ushindi ulifutwa, na zawadi ya dola milioni 1.86 ikaondoka kwa mmiliki. Kampuni yenye uwanja ikamfungia mlango kwa miaka, hadi Julai 2024. Farasi mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mazoezini, Desemba 2021.

Kwa ulaghai wa makusudi adhabu imekuwa nzito zaidi. Marekani iliwapeleka wakufunzi mahakama ya jinai: Jorge Navarro alihukumiwa miaka 5 jela mwaka 2021, Jason Servis miaka 4 mwaka 2023. Hata hivyo kesi inayonigusa zaidi ni ya Mahmood Al Zarooni, labda kwa sababu inapitia Ghuba, ambako watu wa pwani yetu wana ndugu na biashara tangu enzi za majahazi. Al Zarooni aliwafunza farasi wa Godolphin, milki ya mtawala wa Dubai, Sheikh Mohammed, katika banda lililoko Newmarket, mji uleule wa Dawson. Aprili 2013 farasi wake 11 walikutwa na steroidi. Alijitetea kwamba hawakuwa wakishindana wakati ule, hivyo hakujua ni kosa. Siku tatu tu baada ya habari kutangazwa, alikuwa amekwisha kufungiwa miaka 8. Baadaye farasi wengine wakaongezeka kwenye orodha, akiwemo Encke, mshindi wa St Leger ya 2012. Mmiliki alisema ameshtushwa, akalifunga banda. Adhabu haikumfikia.

Ilikuwa imemfikia miaka minne kabla, kwa njia nyingine. Katika mbio za farasi za masafa marefu kanuni humtaja mpanda farasi kuwa ndiye mhusika, na mwaka 2009 Sheikh Mohammed mwenyewe ndiye aliyekuwa juu ya farasi aliyekutwa na dawa. Alifungiwa miezi 6. Mkufunzi alifungiwa mwaka mzima.

Kwa binadamu ngazi inageuzwa. Aliye mkononi mwa mkufunzi ana mdomo, kwa hiyo yeye ndiye anayeulizwa kwanza, na mara nyingi yeye peke yake. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alifungiwa miaka 2 kwa EPO, kisha mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi wa michezo ikaongeza ikawa 4. Wakala wake, Federico Rosa, alishtakiwa Nairobi mwaka huohuo na mashtaka yakaondolewa. Mahakama ilikubali kwamba Jeptoo aliwaficha kocha na wakala habari za daktari aliyekuwa akimwona. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu farasi hafichi kitu na binadamu anaficha. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3. Alieleza kwamba alikuwa mgonjwa akameza vidonge vya msaidizi wake wa nyumbani. Waliomhoji hawakuamini.

Si kwamba kanuni za kuwafikia makocha hazipo. Sheria ya Kenya ya 2016 iliwaweka makocha na madaktari kwenye hatari ya kifungo. Mwaka 2019 Alberto Salazar, kocha wa kambi ya Nike kule Oregon, alifungiwa miaka 4 ingawa hakuna mwanariadha wake aliyekutwa na dawa katika kesi ile. Lakini huyo alifikiwa kwa uchunguzi wa miaka kadhaa na mashahidi waliokubali kusema. Hakuna aliyeanza kwa kumwambia: kambi ni yako, funguo ni zako, thibitisha wewe. Maneno hayo aliambiwa Chapman kwa ajili ya Don Pat.

Nasema hivi nikiwa na watu mahususi akilini. Asubuhi za Dodoma, kabla jua halijawa kali, hukutana barabarani na vijana wanaokimbia, wengi wametoka Singida, Kondoa na Manyara, nchi ya John Stephen Akhwari. Wengi hawana mkataba. Anayewapa viatu ndiye anayewapa chakula, na akiwapa vidonge vya misuli hawaombi kusoma karatasi. Kijana mmoja ninayemfahamu alinitumia picha ya kidonge kwenye simu, akauliza ni cha nini. Kilikuwa dawa ya kawaida ya maumivu, halali. Nikamtumia pia orodha ya dawa zilizokatazwa. Ilikuwa kwa Kiingereza, kurasa nyingi.

Akajibu: "Kaka, hii amepewa na kocha?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia ahifadhi kasha la kila kidonge anachopewa, aandike tarehe na jina la aliyempa, na daftari hilo asiliache kambini.