Chozi wa Mafinga na ndege wa watu wengine

Ndege maarufu kuliko wote katika masimulizi ya Wangari Maathai hajawahi kuishi Kenya, wala Tanzania, wala popote Afrika. Mnaikumbuka hadithi: msitu unaungua, wanyama wakubwa wamesimama wanatazama, tembo na mkonga wake naye katulia tu, kidege kimoja ndicho kinachokwenda mtoni na kurudi na tone la maji mdomoni. Maathai aliisimulia jukwaa baada ya jukwaa, na baada ya filamu ya Dirt! ya mwaka 2009 ikasambaa mitandaoni mpaka leo. Kidege kile kwa Kiswahili tumekiita ndege mvumaji. Wavumaji ni aina zaidi ya 350, na wote wanaishi bara la Amerika peke yake, kuanzia Alaska mpaka ncha ya kusini ya Chile. Hadithi nayo imetoka hukohuko. Husimuliwa kuwa ya Wakechua wa milima ya Andes, na mwaka 2008 Michael Nicoll Yahgulanaas, msanii wa Kihaida wa Kanada, aliitoa kama kitabu ambacho Maathai alichangia maneno yake.

Sina ugomvi na hadithi. Ugomvi wangu ni wa jina. Hapa Mafinga, kila mwenye simu na shina la mshubiri uani amewahi kupiga picha ya kidege chenye mdomo uliopinda, kinametameta kijani kama mafuta ya gari juu ya dimbwi, halafu akaiweka mtandaoni na kuandika “mvumaji wangu”. Chini ya picha wanafuata wanaouliza kile chombo chekundu cha maji ya sukari kinauzwa wapi. Huyo siyo mvumaji, jamani. Huyo ni chozi. Na jina likikosewa, bustani nayo inakosewa.

Chozi ni neno zuri mno kuachwa lilale kwenye kamusi. Ni ndege, na ni tone moja la machozi. Aliyeifasiri hadithi ya Maathai alikuwa na ndege anayeitwa tone, katika hadithi ya ndege anayebeba tone, na bado tukamwita mvumaji. Ningekuwa mimi ningeandika chozi bila kupepesa macho, na msomaji wa Mufindi angemwona ndege anayemjua.

Kwa mwili hawa wawili si ndugu. Chozi yuko kundi moja kubwa na shomoro na kunguru. Mvumaji yuko mbali kabisa huko. Wamefanana kwa sababu ya kazi: wote wananyonya maji matamu ya maua, kwa hiyo wote wamepata mdomo mwembamba na ulimi mrefu, na wote wameng'aa. Tofauti yao ni miguu. Mvumaji anasimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga mara hamsini na zaidi kwa sekunde. Chozi anataka kutua. Anashika bua, anainama, anachovya. Kuna kisa kimoja kutoka Afrika Kusini ninachokipenda sana, kilichochapishwa mwaka 2009: kule kumevamiwa na tumbaku-mwitu ya Amerika Kusini, mmea ambao maua yake yameumbwa kwa ajili ya wavumaji na hayana pa kukalia. Chozi wa pale wakaanza kusimama hewani ili wayafikie. Mmea mgeni umemfundisha ndege mwenyeji tabia ya ndege ambaye hajawahi kumwona.

Habari ya kuwataka ndege hawa karibu ina historia ndefu, na sehemu yake si nzuri. London ya mwaka 1851 watu walipanga foleni kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park kuwatazama wavumaji wa John Gould, mamia kwa mamia, wote wamekufa, wamekaushwa na kupangwa ndani ya vioo. Gould mwenyewe alikuwa bado hajamwona hata mmoja aliye hai. Alimwona mwaka 1857, alipofika Philadelphia, Marekani. Karne iliyofuata mapenzi yakabadilika sura: ngozi ndani ya kioo ikaacha nafasi kwa chupa ya maji ya sukari dirishani, na kuanzia miaka ya 1950 chupa hizo zikawa bidhaa ya dukani Marekani.

Huku kwetu ndege walianza kuandikwa katikati ya vita. Friedrich Fülleborn alikuwa daktari wa jeshi la Wajerumani, akafanya kazi nyanda hizi za kusini mwishoni mwa miaka ya 1890 huku akikusanya wanyama na mimea. Mkwawa alijiua Julai 1898. Mwaka uliofuata, 1899, Anton Reichenow, bingwa wa ndege wa Berlin, alimpa chozi mmoja wa misitu yetu ya milimani jina la daktari huyo: fuelleborni. Ni yule mwenye mgongo wa kijani na mkanda mwekundu kifuani, ambaye mpaka leo yumo kwenye misitu ya ukingo wa Mufindi. Fuvu lililokubaliwa kuwa la Mkwawa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Jina la ndege halikurudi, na kwa utaratibu wa wataalamu halitarudi. Siliombolezi sana, maana ndege mwenyewe hajali. Ila najua kwamba wazee waliokuwa wakipita misitu ile walikuwa na majina yao kwa viumbe vile, na daftari la Berlin halikuyahitaji.

Miaka ya 1930 alikuja mwingine, Hubert Lynes, afisa mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, akaandika ripoti nzima juu ya ndege wa Ubena na Uhehe, iliyotoka 1934. Nchi aliyoipita ilikuwa bado ya majani: vilima vilivyo wazi, upepo, ukungu, msitu umejificha mabondeni. Kwenye majani yale ndipo palipokuwa na chakula cha chozi. Mishubiri ya miambani. Kniphofia, lile ua la bua refu lenye kichwa kama mwenge unaowaka. Leonotis, gugu lenye maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka bua kwa ngazi, ngazi juu ya ngazi, ambalo mkulima wa Igowole analifyeka kila mwaka bila kuliuliza jina. Na mwamba ngoma, mti wenye magome ya miiba unaotoa maua mekundu ukiwa hauna hata jani moja. Maua haya yote yana kikonyo imara au tawi la kutulia. Yameumbwa kwa miguu ya chozi.

Ukitaka kuona nchi ile ilivyokuwa, panda Kitulo kati ya Desemba na Aprili. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Pale dume la Nectarinia famosa, kijani kutoka kichwani mpaka kwenye manyoya mawili marefu ya mkia, anakaa juu ya mwenge wa kniphofia utadhani ameuwasha yeye.

Mafinga ilikwenda njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ilianza miti ya majaribio Sao Hill. Baada ya uhuru serikali ikapanua, na miaka ya 1970 zikaja fedha za Benki ya Dunia. Leo ndilo shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali, zaidi ya hekta 40,000 zilizopandwa, na sehemu kubwa ni msindano uitwao Pinus patula. Asili yake ni Mexico. Yaani mti umetoka nchi ya wavumaji ukaja kukaa juu ya nyasi za chozi! Msindano unachavushwa na upepo, hauna asali ya kumpa ndege, na kivuli chake kinazima karibu kila ua lililo chini. Nauheshimu. Umejenga shule, umesomesha watoto, umeezeka nusu ya nyumba ninazozijua, na malori ya mbao ndiyo yanayoufanya mji huu uamke mapema. Wala sisi wapenda vitabu tusijifanye hatuhusiki, maana kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi miaka ya 1980, kilijengwa kwa kutegemea misindano hiyo. Lakini kwa chozi, hekta ya msindano ni hekta ya jangwa.

Kilichomwokoa asipotee mjini ni bustani, na bustani zenyewe hazikupandwa kwa ajili yake. Wajerumani walifungua kituo cha Amani, Usambara, mwaka 1902, wakajaribu mimea ya dunia nzima. Wamisionari wakapanda maua kuzunguka makanisa. Wakaja walima chai wa Mufindi, na walowezi wa Sao Hill walioletwa na mpango wa Lord Chesham kabla tu ya Vita Kuu ya Pili. Mkewe, Marion, alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Philadelphia, mji uleule ambao Gould alimwona mvumaji wake wa kwanza. Baadaye alikuwa mbunge, akasimama na TANU, akawa raia wa Tanzania. Napenda kumuwazia asubuhi yake ya kwanza huku, ametoka na kikombe cha chai, kidege kinachong'aa kinapita, na yeye anakaribia kukiita jina la kwao.

Watu hao walileta salvia nyekundu za Amerika, mgrivilea wa Australia wenye maua ya rangi ya chungwa, na ule mti mwingine wa Australia wenye maua kama brashi ya kuoshea chupa. Milingoti nayo ikaja, ikichanua meupe. Chozi akaonja, akakubali. Kwa hiyo bustani ya mtaani Mafinga ni meza iliyoandaliwa na mabara matatu, na mgeni rasmi hakualikwa na yeyote.

Biashara hii inakwenda na upande wa pili. Leonotis yetu na kniphofia yetu zinauzwa kwenye vitalu vya California, na wenye bustani wa kule wanazipanda kwa sababu moja kubwa: zinaleta wavumaji. Gugu la Igowole linanunuliwa kwa dola.

Sasa, ukitaka chozi nyumbani. Mjini, kwenye viwanja vyetu vya uzio wa matofali na tofali za kukanyagia mpaka mlangoni, huhitaji nafasi kubwa. Mishubiri mitatu kwenye ndoo zilizopasuka inatosha kuanza, kwa sababu inachanua wakati wa baridi, Juni na Julai, pale vitu vingine vimeunguzwa na sakitu. Majira hayo ndiyo magumu kwake. Usiku wa baridi kali chozi wa nyanda za juu hushusha joto la mwili wake ili asimalize nguvu, na asubuhi anahitaji kula mapema. Ongeza leonotis kwenye kona isiyopendeza. Jirani yangu, mama mmoja wa makamo, alipita akaniona nalimwagilia gugu hilo maji. “Kamwene, baba,” akasema, “sasa huko mjini mmefikia kupanda magugu?” Wiki ya tatu alipiga hodi mwenyewe kuomba mbegu. Wajukuu walikuwa wamemsumbua.

Kijijini kazi ni rahisi zaidi, maana ni ya kuacha tu: usifyeke leonotis yote ya mpakani mwa shamba, usikate mwamba ngoma uliobaki, na mgomba ukitoa ua lake, liache mpaka mkungu ukomae. Chozi na ua la mgomba ni marafiki wa siku nyingi.

Chombo cha sukari sikipendekezi. Ukiamua, ni kipimo kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, usitie rangi wala asali, oshea chupa kila baada ya siku mbili, na uweke kijiti cha kutulia, la sivyo umemnunulia mvumaji asiyekuja. Sisimizi na nyuki watakuja bure. Ua linafanya kazi ambayo chupa haiwezi: linaita wadudu, na makinda ya chozi yanalishwa wadudu na buibui. Ndiyo maana anayepulizia dawa mboga zake kila Jumamosi asishangae ndege akihamia kwa jirani.

Buibui nao waache. Chozi anafuma kiota chake kwa utando wao, kifuko kinachoning'inia chenye mlango pembeni na kibaraza juu yake, na hapendi kukificha mbali na watu. Mwenye kifua chekundu, Chalcomitra senegalensis, ni hodari wa kukifunga kwenye waya wa barazani. Cha kwetu kimefungwa kwenye waya wa taa ya nje. Tangu wiki ya pili ya Oktoba taa hiyo hatuiwashi, na fundi wa umeme ameambiwa arudi Desemba.