Bayudaya wa Mbale na Lugha ya Ibada Wakati wa Marufuku, 1972–1979

Sinagogi la Nairobi, lililosimama pale Uhuru Highway inapokutana na University Way, hatua chache kutoka Chuo Kikuu, liliwekwa wakfu mwaka 1955. Lilichukua nafasi ya jengo la kwanza, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1912. Historia ya waumini wake inajulikana vya kutosha. Kiongozi wao mmoja wa dini, Julius Carlebach, alichapisha kitabu juu yao mwaka 1962. Jumuiya hiyo nayo ilipata kuonja uchungu wa vita. Mwezi Septemba 1939 serikali ya kikoloni iliwaweka kizuizini, kama raia wa nchi adui, wanaume Wayahudi waliokuwa wamekimbilia Kenya kutoka Ujerumani, ingawa walikuwa wameikimbia Ujerumani hiyo hiyo ili wapate kuishi. Wake na watoto wao walihifadhiwa hotelini, baadhi yao katika Hoteli ya Norfolk, ambayo mwenyewe alikuwa Abraham Block, mmoja wa Wayahudi wa mwanzo kabisa wa Nairobi. Balaa hilo halikudumu sana. Wayahudi wa Nairobi walikuwa na jengo, walikuwa na wenye mali, na walikuwa na jamaa zao London wa kuwasemea.

Ng'ambo ya mpaka, chini ya Mlima Elgon, katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Mbale nchini Uganda, iliishi jumuiya nyingine iliyojiita kwa jina lile lile la Kiyahudi, nayo haikuwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo. Chuki ilipoifikia katika miaka ya 1970, ilibidi ijitetee kwa ilichokuwa nacho, yaani kitabu kimoja cha Kiganda na nyimbo zilizotokana nacho. Jambo hili halijapewa uzito unaostahili na walioandika habari za watu hawa. Wengi wao wamejishughulisha zaidi na swali la kama Bayudaya ni Wayahudi kweli au la, swali ambalo halikumsumbua Idi Amin hata kidogo.

Mwanzilishi wao alikuwa jemedari. Semei Kakungulu, Mganda na Mprotestanti, aliwatiisha watu wa mashariki ya Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, akitumaini kufanywa mfalme wao. Waingereza hawakumpa ufalme huo. Katika miaka ya 1910 alijitenga na kanisa lao na kujiunga na wafuasi wa Malaki, waliokataa dawa za hospitali. Huko nako hakukaa sana. Mwaka 1919, baada ya kuyasoma maagizo ya Torati, alijitahiri yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake walipomwonya kwamba kutahiri ni desturi ya Bayudaya, aliwajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Muyudaya. Kama simulizi hili ni sahihi, jina la jumuiya lilitoka kinywani mwa waliolipinga, likapokelewa na aliyelengwa nalo.

Wanaisimu watavutiwa na uzito wa neno lenyewe. Bayudaya ndilo neno ambalo Biblia ya Kiganda huwaitia Wayahudi, kama vile Biblia ya Kiswahili inavyosema Wayahudi. Lakini katika lugha zote mbili msomaji wa kawaida huwajua watu wa Kutoka na wa Hesabu kwa jina la wana wa Israeli. Jina la Wayahudi huja kwa wingi katika Injili, hasa ya Yohana, na hasa katika sura za mateso. Kwa hiyo Kakungulu hakuchagua jina la waliovuka Bahari ya Shamu; alichukua lile ambalo jirani zake Wakristo walilisikia kanisani kila Ijumaa Kuu. Tangu awali Bayudaya walitukanwa kwamba wao ndio waliomwua Kristo, na watoto wao walipata taabu katika shule, ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni. Mashaka hayo yalikuwapo muda mrefu kabla ya Amin.

Kitabu chao kilikuwa Biblia nzima ya Kiganda iliyochapishwa mwaka 1896, kazi ya mmisheni George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta. (Toleo la mwanzo lilichapwa dogo na nene ili liingie katika kopo la biskuti, mchwa wasipate kulila.) Kutokana na Biblia hiyo Kakungulu alitunga mwongozo wa ibada wa kurasa 90, uliochapishwa mwaka 1922, pia kwa Kiganda. Mgeni mmoja Myahudi aliyefika Mbale katika miaka ya 1920 aliwafundisha kalenda ya sikukuu, uchinjaji na herufi za Kiebrania. Hata hivyo Kiebrania kilibaki kuwa lugha ya maneno machache. Kakungulu alipokufa mwaka 1928, wapo waliorudi katika Ukristo. Waliobaki, chini ya viongozi kama Samson Mugombe, waliziimba Zaburi na kuisoma Torati kwa Kiganda.

Hapa yafaa ikumbukwe kwamba Kiganda hakikuwa lugha ya wenyeji wa Mbale. Wenyeji ni Wagisu, nao wana lugha yao. Kiganda kiliingia huko na bunduki za Kakungulu na maakida wake, kikawa lugha ya baraza, ya kodi na ya kanisa. Lugha ya ibada ya Bayudaya ilikuwa lugha ya mshindi kabla haijawa lugha ya watu wanyonge, na ni kosa kuisimulia habari hii kana kwamba ilianza kwa unyonge.

Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971 akiwa rafiki wa Israeli. Mwezi Machi 1972 aliwafukuza Waisraeli wote. Mwezi Septemba mwaka huo huo, baada ya wanamichezo wa Israeli kuuawa Munich, alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi iliyomsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi milioni sita. Ndio mwezi ambao Waasia walikuwa wakihama kwa amri, na wapinzani wa Amin wakajaribu kuivamia Uganda kutoka Tanzania bila ya kufaulu. Katika fujo kama hiyo mtawala hutafuta adui aliye karibu. Kiganda hakikumsaidia mkulima wa Nabugoye kujitenga na rubani wa Tel Aviv, maana wote wawili waliitwa kwa neno moja.

Ibada ya Bayudaya ilipigwa marufuku na masinagogi yao, ambayo mengi yalikuwa nyumba za udongo na nyasi, yalifungwa au yakabomoka. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku madhehebu mengi kwa mkupuo, ikaacha Uislamu, Wakatoliki, Kanisa la Uganda na Waorthodoksi tu. Baina ya matukio hayo mawili ilikuja habari ya Entebbe, tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipowaokoa mateka katika uwanja wa ndege. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wakulima wa Mbale walikuwa na mkono katika jambo hilo; lakini jina walikuwa nalo.

Jumuiya ilifanya nini? Jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa iliondoka. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 3,000 waliohesabiwa kuwa Bayudaya mwanzoni mwa utawala huo walipungua hadi kama 300 ulipokwisha. Wengine walibatizwa, wengine walisilimu. Waliobaki walisali majumbani, usiku, kwa sauti ya chini, na wapo waliosali mapangoni. Simulizi zinawataja waliokamatwa kwa ajili ya ibada na kuachiliwa baada ya jamaa zao kutoa mbuzi.

Ni vigumu kuwalaumu walioondoka, na wala si haki kuwafanya waliobaki kuwa mashujaa wa aina moja. Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba kitabu na lugha vilifanya kazi mbili zinazopingana. Biblia ya Kiganda ilikuwa katika nyumba ya kila Mprotestanti, hivyo kuonekana nayo hakukuwa ushahidi wa kosa lo lote. Askari aliyeingia nyumbani mwa Muyudaya na kukuta Zaburi za Kiganda mezani alikuta kitu ambacho angekikuta kwa jirani. Vivyo hivyo kwa wimbo: maneno ya Daudi katika Kiganda hayakumfichua mwimbaji. Kama ibada yao ingalisimama juu ya vitabu vya Kiebrania, kila ukurasa ungalikuwa shtaka. Mambo yaliyowafanya Wayahudi wa ng'ambo wawatilie shaka, yaani ukosefu wa Kiebrania, wa marabi na wa Talmudi, ndiyo yaliyowafunika.

Ila pazia hilo hilo lilirahisisha kutoka. Mtoto wa Muyudaya aliyepelekwa kanisani alikuta kitabu anachokijua, katika lugha aliyoizoea, na baadhi ya tuni zenyewe hazikuwa ngeni kwake. Hakuhitaji kujifunza upya karibu kitu cho chote isipokuwa kufungua kurasa za nyuma. Mtu akiangalia jinsi watu tisa katika kila kumi walivyotoweka ndani ya miaka minane bila ya kuhama vijiji vyao, ni lazima aitie lugha katika hesabu pamoja na hofu. Waliobaki walishikilia mambo yasiyokuwa na maneno: tohara ya siku ya nane, Sabato ya Jumamosi, uchinjaji. Tohara, kwa bahati, haikuwa ajabu Mbale, kwa kuwa Wagisu hutahiri, ingawa wao huwatahiri vijana waliokwisha komaa, na Waislamu nao hutahiri. Sabato ilikuwa hatari zaidi, kwani kutofika shambani siku ya Jumamosi kulionekana na wote.

Mwaka 1973 Amin alikuwa ametangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na masikioni mwa Waganda wengi lugha hiyo ilizidi kunuka baruti. Kisha tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera. Tanzania ikajibu, na waliokuja kumwondoa walisema Kiswahili vile vile. Kampala ilitangazwa kuwa imekombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo, kwa hesabu ya kalenda ya Kiyahudi, ndiyo iliyoingiza Pasaka, sikukuu ya kutoka Misri. Bayudaya hawajaacha kuusimulia mwafaka huo, na ni nani awezaye kuwakataza? Lakini vita vilikuwa havijakwisha. Jinja ilitekwa tarehe 22 Aprili tu, na majeshi yaliyoshindwa yalikimbilia kaskazini na mashariki, yaani kuelekea upande wao. Pasaka ile ya mwaka 1979 iliwakuta wangali njiani mwa askari wenye njaa.

Baada ya vita, wachache waliobaki walianza upya katika kilima cha Nabugoye. Vijana wa miaka ya 1980, miongoni mwao Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, walizitungia Zaburi za Kiganda tuni mpya zenye mahadhi ya Kiafrika, safari hii kwa sauti ya kusikika barabarani. Mwezi Februari 2002 baraza la marabi kutoka ng'ambo lilifika kuwahoji na kuwaingiza rasmi katika Uyahudi watu wapatao 400, wakiwamo wazee waliosali gizani wakati wa Amin. Si wote waliokubali mlango huo. Watu wa kijiji cha Putti walishika njia ya Waorthodoksi wa Kiyahudi. Sizomu alipata urabi mjini Los Angeles mwaka 2008. Nyimbo zenyewe zilirekodiwa na kutolewa nchini Marekani mwaka 2003, na ndani yake Kiebrania na Kiganda vinafuatana, mara nyingine katika wimbo mmoja.