Leseni ya Pombe na Haki ya Jirani

Msomaji, ndani ya kila baa iliyo halali katika nchi hii hutundikwa karatasi moja mahali pa kuonekana. Wanywaji huitazama kwa nadra, na wapitao njiani hawajui kwamba ipo. Lakini karatasi hiyo, iitwayo leseni, imekuwa chanzo cha ugomvi wa karne nyingi. Mwenye baa huiona kuwa ni mali yake, kwa maana pasipo hiyo viti vyake, meza zake na chupa zake zote hazina faida. Jirani wa baa huiona kuwa ni ruhusa iliyotolewa na wakubwa ili yeye asipate usingizi. Ni yupi kati yao asemaye kweli? Na kabla ya mlango wa baa kufunguliwa, ni nani apasaye kuulizwa? Hayo ndiyo tutakayoyachungua katika insha hii. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi hatuna budi kwanza kuutazama uundaji wenyewe.

Utaratibu wa leseni tunaoutumia ulitoka Uingereza. Mwaka wa 1552, katika enzi ya Mfalme Edward wa Sita, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria kwamba mtu asiuze pombe nyumbani mwake mpaka apate kibali cha mahakimu wawili wa sehemu yake, na tena aweke dhamana kwamba atadumisha utulivu katika nyumba hiyo. Angalia vema jambo hili. Sheria haikuikataza pombe. Ilichofanya ni kumtaka muuzaji atoe ahadi, na ahadi hiyo aitoe mbele ya watu waliokaa karibu naye na waliomjua. Leseni ilizaliwa kuwa mkataba baina ya mtu na majirani zake.

Karibu miaka 300 baadaye Waingereza walijaribu njia nyingine. Wakubwa waliona kwamba mahakimu wanawapendelea matajiri wenye viwanda vya pombe, na tena walitaka watu wanywe bia badala ya pombe kali iitwayo jini. Basi mwaka wa 1830 ikatungwa sheria mpya: mlipa kodi yeyote aliyetoa ginea mbili aliweza kuifanya nyumba yake kuwa duka la bia, wala hakimu hakuulizwa neno. Katika muda wa miezi michache tu maduka zaidi ya 20,000 yalifunguliwa. Mtu alilala usiku jirani yake akiwa fundi viatu, akaamka asubuhi amekuwa muuza bia. Malalamiko yakaongezeka mwaka hata mwaka, mpaka mwaka wa 1869 Bunge lilipowarudishia mahakimu mamlaka yao. Hapo watu walijifunza kwamba fedha peke yake haitoshi kununua ruhusa ya kuuza kileo. Jambo linalowagusa wengi haliamuliwi na mfuko wa mmoja.

Lakini swali moja lilibaki. Mtu akiisha kupata leseni, je, imekuwa yake milele? Jibu lilitoka katika kijiji kidogo kiitwacho Kentmere, kaskazini ya Uingereza. Mahakimu wa huko walikataa kuitoa upya leseni ya nyumba moja ya pombe, si kwa sababu mwenyewe alifanya kosa, bali kwa kuwa nyumba ilikuwa mbali na polisi, na mahitaji ya watu wa mahali pale hayakuidai. Mwenye nyumba akapeleka shauri lake kutoka mahakama hii hata mahakama ile, na mwaka wa 1891 likafika katika baraza la juu kabisa. Uamuzi ukawa kwamba mahakimu walikuwa na haki. Leseni ni ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha huombwa upya, na wanaoitoa wanaweza kutazama haja na hali ya mtaa. Ni kama ile methali yetu: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Wenye nyumba za pombe walilia kwamba wamedhulumiwa, na kwa kweli hawakukosa hoja. Mtu ametumia akiba yake yote, hakuvunja sheria, kisha anaambiwa afunge. Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka wa 1904 iliamuru kwamba aliyenyimwa leseni pasipo kosa lake alipwe fidia, na fedha za fidia zichangwe na wauzaji wenyewe. Hivyo haki ya jirani ilisimama, na mfanyabiashara naye hakutupwa jalalani.

Sheria za namna hii zilipofika Afrika pamoja na serikali za kikoloni, jambo moja kubwa liliachwa nyuma: jirani Mwafrika hakuulizwa. Mfano ulio mashuhuri ni wa mji wa Durban, Afrika ya Kusini. Mwaka wa 1908 sheria ya Natal iliruhusu mabaraza ya miji yapike na kuwauzia Waafrika pombe ya mtama, yakiwa peke yake, na mtu mwingine yeyote asiruhusiwe kuiuza. Faida ilitumiwa kuwajengea Waafrika mabweni na kulipia gharama za kuwatawala. Yaani mfanyakazi alikunywa, na kwa kunywa kwake akalipia serikali iliyomnyima kura.

Mtindo huo wa Durban ulisifiwa sana na watawala wengine, na haukukawia kufika kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Baraza la Mji wa Nairobi lilipoanzisha mtaa wa Pumwani kwa ajili ya Waafrika, lilifungua humo kilabu chake la pombe. Faida iliwekwa katika mfuko uliosemekana kuwa wa manufaa ya Waafrika. Wakati huo huo mwanamke aliyepika pombe katika chumba chake ili apate kodi ya nyumba na chakula cha watoto alikamatwa na polisi, na mapipa yake yakamwagwa. Zaidi ya hayo, Pumwani palikuwa na Waislamu wengi, ambao dini yao inaharimisha ulevi. Hao wote, anywaye na asiyekunywa, apikaye na asiyepika, hawakuwa na mahali pa kusema. Aliyetoa ruhusa ya kuuza ndiye aliyeuza, ndiye aliyepokea faida, na ndiye aliyewakamata waliomshindania. Ilikuwa kama ile kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani.

Tena sheria haikuwa moja kwa watu wote. Hadi katika miaka ya 1940 Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kununua bia ya chupa, ingawa kiwanda cha bia kilikuwako Nairobi tangu mwaka wa 1922, na Waafrika walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wake. Palipo na sheria mbili, ya mkubwa na ya mdogo, watu hawawezi kuiheshimu hata ile iliyo njema.

Huko Durban subira ya watu ilikwisha. Mwezi wa Juni 1959 wanawake wa mtaa wa Cato Manor walikusanyika kwa mamia, wakaviendea vilabu vya pombe vya Baraza la Mji wakiwa na fimbo mikononi, wakawatoa wanaume na kuimwaga pombe. Polisi waliwapiga kwa marungu, lakini mgomo wa kutokwenda katika vilabu hivyo ulienea Natal. Usidhani, msomaji, kwamba wanawake hao walichukia pombe tu. Wengi wao walikuwa wapishi wa pombe. Walikuwa na uchungu wa mambo mengi: nyumba zao zilikuwa zikibomolewa na wao kuhamishwa kwa nguvu, mapipa yao yalikuwa yakivunjwa, na mishahara ya waume zao iliishia katika kilabu cha serikali kabla ya kufika nyumbani. Walitaka kuulizwa. Walipokosa mlango wa kusemea, walitumia fimbo.

Sasa turudi kwetu Kenya, baada ya Uhuru. Serikali yetu wenyewe nayo ilipambana na jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka wa 1980 ilitungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Lakini chang'aa haikwisha. Ilijificha tu, na kilichojificha hakina mkaguzi. Wako waliopofuka na waliokufa kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu. Kwa hiyo mwaka wa 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wengi waliiita Sheria ya Mututho kwa jina la Mheshimiwa John Mututho, aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, ndiye aliyepeleka mswada huo Bungeni. Sheria hiyo iliondoa marufuku ya chang'aa na kuiweka chini ya leseni kama vileo vingine. Iliweka saa za baa kuwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana mwisho wa juma. Ilikataza kuwauzia walio chini ya umri wa miaka 18. Na ilisema kwamba baa isiwe karibu na shule ya watoto kwa umbali usiofika mita 300.

Mwaka huo huo wa 2010 tulipata Katiba mpya, nayo ikakabidhi serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo pamoja na kazi ya kuzuia kelele. Huu ni uamuzi wa maana. Ni kana kwamba Katiba imesema: jambo hili na liamuliwe karibu na watu linaowagusa. Tena kulikuwako tayari kanuni za mwaka wa 2009 zilizoweka kipimo cha kelele, kwamba usiku katika mitaa ya makazi sauti isizidi desibeli 35, kiasi kisicho mbali na mnong'ono.

Hata hivyo ugomvi haukwisha. Mitaa kama Kilimani na Kileleshwa, jijini Nairobi, zamani ilikuwa ya nyumba chache zenye bustani. Siku hizi imejaa maghorofa, na kati ya maghorofa hayo vilabu vya usiku vimefunguliwa. Wakazi wakalalamika kwa sababu ya muziki unaolia hata alfajiri, magari yanayoziba njia, na walevi wanaopigana malangoni. Mwezi wa Novemba 2022 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba inazifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyomo katika mitaa ya makazi. Wakazi wengi walishangilia. Wenye vilabu wakapaza sauti kwamba walilipa ada, kwamba ni kaunti hiyo hiyo iliyowapa leseni, na kwamba wahudumu, wapishi, walinzi na wanamuziki watapoteza kazi.

Tuwe waadilifu, msomaji, tuzipime hoja zote mbili. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani hawezi kusoma kitanda chake kikitetemeka kwa ngoma. Mgonjwa hawezi kupona, wala mama hawezi kumbembeleza mtoto. Hawa hawakuchagua kwenda katika kilabu. Kilabu ndicho kilichowaendea. Lakini mhudumu anayetembea saa 9 usiku kurudi nyumbani na ujira wake naye ana watoto wanaosomeshwa kwa ujira huo. Na mfanyabiashara aliyeonyeshwa mahali, akapewa karatasi, akajenga, ana haki ya kuuliza: mlipokuwa mkiniruhusu, macho yenu yalikuwa wapi?

Swali lake ni zuri, na jibu lake ndilo funzo la historia yote tuliyoipitia. Kosa kubwa halifanyiki siku leseni inapofutwa. Hufanyika siku ilipotolewa pasipo majirani kuulizwa. Uingereza mwaka wa 1830 walimwacha mtu ajinunulie ruhusa, wakajuta kwa miaka 39. Nairobi na Durban, Baraza la Mji lilijiuliza lenyewe na kujijibu lenyewe, na huko Durban mwisho wake ukawa fimbo na marungu. Mahali ambapo jirani husikilizwa mapema, muuzaji naye huwa salama, kwa kuwa anajua tangu mwanzo mipaka yake, wala hahofu amri ya ghafula.

Sheria yetu ya mwaka wa 2010 ilifungua mlango wa kusemea. Ilimruhusu mtu yeyote kupinga ombi la leseni kwa maandishi, akieleza sababu zake, ili kamati impe nafasi yeye na mwombaji mbele ya uamuzi. Lakini mlango usiopitwa huota kutu. Majirani wengi hukaa kimya siku ya kuulizwa, kisha huamka siku ya kelele. Kuna na maofisa wanaopenda kimya hicho, kwa sababu palipo na kimya hongo hupita bila kuonekana.

Wewe msomaji, ukitimiza miaka 18 utapata haki mbili kwa siku moja. Utaruhusiwa kununua kinywaji katika baa, na utaruhusiwa kupiga kura ya kuwachagua watakaotunga sheria za kaunti yako. Vijana wengi huikumbuka ile ya kwanza na kuisahau ya pili. Uikumbuke ya pili. Ukisikia kwamba katika mtaa wako kuna ombi la leseni, nenda ukasome tangazo, uulize ni kilabu cha namna gani, kitafungwa saa ngapi, muziki wake utaishia wapi, na shule iko umbali gani. Kisha useme kwa adabu na kwa ushahidi, ukikumbuka kwamba mwombaji naye ni mtu atafutaye riziki. Wanawake wa Cato Manor hawakuwa na tangazo la kusoma wala kamati ya kuiandikia. Wewe unavyo vyote viwili.