Mjomba, hizo namba ninazopanga ni hizi

Juzi Mjomba kanipigia simu kuuliza nafanya nini hasa huku Sydney. Nikamwambia tunapanga namba za viungio vya majengo kwenye kompyuta. Akacheka kweli: "Yaani umevuka bahari yote hiyo kwenda kupanga namba?"

Haya Mjomba, jibu hili hapa.

Chukua ngazi ndefu ya vipandio 100. Kila kipandio kinashika miti miwili, kwa hiyo viungio ni 200. Kila kiungio kinaweza kusogea pembeni, kupanda au kushuka, na kujizungusha. Hizo njia tatu wahandisi wanaziita digrii za uhuru. Jumla 600, kila moja na namba yake na mlinganyo wake.

Bahati nzuri kiungio kinasukumana na jirani zake tu. Ni kama balozi wa nyumba kumi: nyumba zikifuatana anamaliza mzunguko mapema. Namba 2 ikiwa Manzese na namba 3 Mbagala, kazi anayo!

Ukipanga namba kushoto-kulia, kushoto-kulia hadi juu, jirani wanapishana kwa 2 tu. Kompyuta inasonga na kidirisha cha namba 9 kwa 9, yaani 81. Ukipanda mti mmoja hadi 100, kisha ukaanza wa pili chini na 101, kidirisha kinakuwa 303 kwa 303: zaidi ya 91,000. Ngazi ni ile ile!

Zamani hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. SILLIAC, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Sydney iliyofanya kazi kuanzia 1956 hadi 1968, ilibeba namba 1,024 tu kwenye kumbukumbu yake. 81 zinaingia, 91,000 haziingii.

Miaka hiyo hiyo ndipo lilipojengwa lile jumba la Opera mnaloliona kwenye picha zangu. Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la mchoro 1957, ujenzi ukaanza 1959, likafunguliwa 1973. Wahandisi wa Ove Arup walikuwa kati ya wa mwanzo duniani kutegemea kompyuta kwa hesabu za jengo. Umbo la paa likibadilika, hesabu zinaanza upya.

Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Elizabeth Cuthill na James McKee, wakatoa njia ya kuiachia kompyuta ijipangie: anza pembezoni, hesabu jirani, kisha jirani wa jirani. Mwaka 1971 Alan George akaonyesha kwamba orodha hiyo hiyo ukiigeuza, wa mwisho awe wa kwanza, kazi inapungua zaidi.

Lakini namba za ndani za kompyuta si zile za mchoroni. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisoma za ndani, nikapeleka nondo za kiungio kimoja kwenye kingine. Ilikuwa baraza ya ghorofani, watu wasimame na watoto wao. Mzee mmoja ofisini akaigundua kabla karatasi haijatoka. Hakunigombeza, aliniambia tu nirudie. Usiku ule sikulala.

Basi Mjomba, ni kweli, nimevuka bahari kuja kupanga namba. Ila kila namba ina mtu amesimama juu yake.

Msalimieni Bibi. Tuonane tena hapa hapa.