Saloni ilikuwa nyumba ya maonyesho

Mwaka 1946, mu Elisabethville (Lubumbashi ya leo), Mufaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua Le Hangar. Picha za Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga zilionyeshwa mpaka Ulaya. Miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu na wenzake waliuza zao kwa bantu ba hapa, basi maonyesho yakawa mu saloni zetu. «Colonie belge»: mfungwa anachapwa fimbo, Mubeleji anaangalia. «Inakale»: mtu juu ya mti, huku nyoka, simba chini, mamba mu maji. Mgeni akiikala anauliza, mzee anaeleza. Ndiyo ilikuwa gazeti yetu, tena bila kibali cha mtu. Leo nawatuma wanafunzi waulize kwao: ile picha iliendaka wapi? Wengi wanarudia na jibu moja: iliuzwaka.